Majirani Wananililia Mtandaoni, Nami Niko Jikoni Nakunywa Chai

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na nakuomba pia uanze kucheka mapema ili ukifika mwisho wa barua uwe umeshatulia, maana mimi ni mtu mzima wa kuheshimika, nimesoma vitabu vingi, nimefanya kazi ya kupima ardhi mpaka nikastaafu, na hivi ninavyokuandikia watu wa mtaa niliokulia wako kwenye msiba wangu, nami nausoma msiba huo nikiwa jikoni kwa mkwe wangu na kikombe cha chai mkononi.

Mtaa wetu haupo tena. Sitaeleza ulivyotoweka, kwa sababu kila aliyepoteza mtaa ana maelezo yake na hayapishani sana. Inatosha kusema kwamba tuliondoka kila mtu na upande wake, tukaishia nchi mbalimbali, na kwa miaka mingi kitu pekee kilichobaki cha mtaa huo kilikuwa kikundi chetu kwenye mtandao mmoja mkubwa, ambako tulijuliana hali, tukagombana, na hatimaye tukaanza kuchora ramani ya mtaa kwa kumbukumbu zetu, duka kwa duka, mlango kwa mlango, ili ichapwe na kila familia itundike nakala yake ukutani, na watoto waliozaliwa ugenini wajue kwamba wazee wao hawakudondoka kutoka mawinguni.

Kazi hiyo anaisimamia Mkunga, ambaye alizalisha karibu nusu ya kikundi na mpaka leo anatusemesha kama watoto waliochelewa kutoka. Mimi, ambaye wote wananiita Mpimaji, nilijipa cheo cha kusahihisha wenzangu. Niliyemsahihisha zaidi ni Fundi, fundi cherehani wetu, rafiki yangu tangu ujana, na tulichogombania ni kona moja, ile iliyotazamana na duka lake. Yeye alisema pale konani alikuwa mwoka mikate. Mimi nikasema konani palikuwa na duka la dawa, na mwoka mikate alifuata. Akaandika, "Nimekaa nikiitazama kona hiyo ujana wangu wote." Nikamjibu mbele za watu, "Wewe ulikuwa unatazama sindano, bwana. Kona niliipima mimi." Watu wakacheka, nami nikajiona mshindi.

Basi ule mtandao mkubwa ukaanza kutuchosha. Unatafuta salamu ya jirani, unakutana kwanza na tangazo la godoro, kisha dawa ya upara, kisha mtu usiyemjua anayekutukana kwa sababu ambayo nayo huijui. Mkunga akatangaza: "Wanangu, tunahama. Tunakwenda kwenye mtandao usio na mwenye nyumba. Chumba chetu kule kitaitwa Mtaa Wetu. Asiyejua njia aniulize." Mimi niulize njia! Niliwaaga wenzangu, nikawaambia kesho yake ninakwenda hospitali kupimwa moyo na baada ya hapo tutakutana kule, na jioni hiyohiyo, kwa kujionyesha tu, nikaifunga kabisa akaunti yangu ya zamani. Moyo, kwa taarifa yako, ulikutwa mzima. Kilichokufa ni simu, iliyotumbukia kwenye ndoo ya kupigia deki, nikapata nyingine yenye namba mpya ambayo sikuona haja ya kumpa mtu, kwani si tulikuwa tunakutana mtandaoni?

Huo mtandao mpya, mshauri, nikueleze ulivyo, ingawa nimeuelewa nikiwa nimeshachelewa. Badala ya jumba moja lenye mwenye nyumba mmoja, zipo nyumba nyingi ndogo, wanaziita seva, na kila moja imejengwa na watu wake, ina msimamizi wake na sheria zake, na nyumba zote zinapitishiana ujumbe, kiasi kwamba aliye kwenye nyumba hii anazungumza na aliye kwenye ile bila kuhama. Ndani ya kila nyumba kuna vyumba vya mazungumzo. Unapofika mara ya kwanza unaulizwa ungependa kuishi nyumba gani, na mimi nikachagua kwa kutazama picha ya mlangoni, iliyokuwa na barabara nzuri yenye kona iliyochorwa kwa vipimo sahihi. Ilikuwa nyumba ya watu wanaotengeneza baiskeli kuukuu.

Walinipokea vizuri kuliko nilivyowahi kupokewa na idara yoyote ya uhamiaji. Wakaniuliza natumia baiskeli gani. Sijawahi kumiliki baiskeli. Nikashuka ngazi, nikapiga picha baiskeli ya jirani wa chini iliyofungwa kwenye nguzo, nikaituma, na wakaanza kunishauri kwa upole kuhusu breki zake. Hisia zangu za kwanza zilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililoniponza. Hakuna aliyenisukumia godoro. Maneno ya watu yalipangwa kwa kufuata wakati yalipoandikwa, kama foleni ya wastaarabu. Mtu akiuliza jambo anajibiwa aya nzima, na anayejibu akikosea anasema "nimekosea" bila kuburutwa. Nilimwambia mkwe wangu kwamba hatimaye nimepata mahali pa kuzeekea.

Nikatafuta chumba cha Mtaa Wetu. Skrini ikanijibu kwamba hakipo, na chini yake kukawa na kitufe kilichosema Fungua. Nikafungua. Mlango ukishaandikwa fungua, mtu mwenye akili zake afanye nini kingine?

Chumba kilikuwa kitupu. Nikasema nimewahi, nikaandika salamu, nikangoja. Kesho yake nikaandika nyingine. Wiki zikapita, hakuna aliyeitikia, nami nikaanza kuelewa, au kudhani naelewa: wamenisusia kwa ajili ya kona. Mkunga amewaambia wasinijibu. Fundi anacheka mahali fulani. Na kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu nikaanza kusema yaliyokuwa moyoni, kwanza kwa kujizuia, kisha kwa vifungu vyenye namba, kisha kwa ufasaha ambao sikujua kama bado ninao, nikiwachambua majirani zangu mmoja baada ya mwingine. Kuhusu Mkunga niliandika kwamba ameongoza watu kwa kuwatisha tangu walipokuwa na umri wa dakika moja. Kuhusu Fundi niliandika kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukata mstari ulionyooka. Wale wa baiskeli walikuwa wanapita, wanasoma, na wanabonyeza ule mshale wa juu wa kuyapigia kura maneno yaliyowapendeza. Mmoja akaandika, "Huyu Mkunga ni kiboko, tuletee zaidi." Nikawaletea.

Hapo ndipo mkwe wangu, mke wa mwanangu, anayefanya kazi kwenye kliniki ya meno na kwa hiyo amezoea kuangalia mambo yasiyopendeza, alisimama nyuma ya kiti changu.

"Baba, chumba hiki umekianzisha wewe."

"Nimekikuta."

"Umekianzisha. Tazama: msimamizi, Mpimaji. Wanachama, mmoja. Huyo mmoja ni nani, Baba?"

Nikaomba niongezewe chai.

"Kila nyumba inaweza kuwa na chumba chenye jina hilohilo," akasema. "Lazima uandike jina la chumba pamoja na la nyumba kilipo. Wewe umetafuta namba ya mlango bila kutaja barabara."

Kuniambia mimi habari za anwani! Akavuta kompyuta, akaandika, akasoma, akaweka mkono mdomoni.

"Baba, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi umekufa."

Mshauri, Mtaa Wetu wa kweli ulikuwa nyumba nyingine, umejaa watu, na siku za mwanzo wote walikuwa wananiulizia. Fundi alitoa tangazo la kunitafuta akaacha na namba yake ya simu, akisema mwenye habari zangu ampigie saa yoyote. Waliipigia simu yangu iliyozama. Wakakumbuka habari ya moyo, wakakuta akaunti yangu imefungwa. Kuna waliobisha kwamba pengine ni mzima, na Mkunga akawanyamazisha kwa sentensi moja: "Wanangu, angekuwa hai angekuwa ameshamsahihisha mtu." Hapo wote wakakubali, wakaanza kulia.

Nilisoma sifa zangu zote. Sikujua kama nilikuwa mkarimu. Kuna moja ilinigusa nikataka kuubonyeza ule mshale wa juu, mkwe wangu akaushika mkono wangu: "Baba, marehemu hapigi kura."

Kisha nikafika kwa Fundi. Aliandika hivi: "Nilimshonea suti ya harusi. Siku ya kuichukua aliinusa akasema, Fundi, suti inanuka mkate. Nikamwambia basi mkeo hatalala njaa. Tumegombana juu ya kona na sikupata nafasi ya kumwambia yaishe. Sasa nasema mbele yenu wote, konani palikuwa na duka la dawa. Alivyosema yeye ndivyo ichorwe." Na wote wakaafiki, na ramani itaandikwa chini kwamba ni kwa kumbukumbu yangu.

Nikaikumbuka suti ile, mshauri. Ilinuka mkate kweli. Mke wangu, Mungu amrehemu, alinitania mpaka uzeeni kwamba siku ya harusi alidhani anaolewa na mwoka mikate. Na harufu ile haikuruka duka zima ikafika kwenye cherehani ya Fundi. Ilitoka kwenye tanuri lililokuwa mbele yake, ng'ambo tu ya barabara, pale konani. Mimi nilichanganya kona hiyo na kona ya mtaa wa pili, niliyoipima mwaka mmoja na hiyo. Fundi alikuwa sahihi, na kwa kunipenda ameacha kuwa sahihi.

Nikatafuta njia ya kistaarabu, yaani ya mwoga. Nikafungua akaunti nyingine nikajiita Jirani wa Zamani, nikaingia Mtaa Wetu wa kweli nikaandika kwa unyenyekevu kwamba nadhani konani alikuwa mwoka mikate. Fundi akanirukia papo hapo: "Wewe ni nani wa kumpinga marehemu? Kona aliipima kwa mkono wake. Ukirudia nitamwambia Mkunga akutoe nje." Nilitishiwa kufukuzwa, mshauri, kwa kunivunjia heshima mimi mwenyewe.

Ramani inakwenda kwa mchapaji wiki ijayo. Mkwe wangu ananiambia nijitokeze, lakini nitajitokezaje mbele ya watu waliolia hivi, wakati kule kwa baiskeli kuna vifungu vyangu vyenye namba, ambavyo naambiwa hata nikivifuta huenda nakala zake zimeshafika nyumba nyingine? Nifufuke, au nibaki marehemu na nimtafute mtu wa kuirekebisha kona bila kunitaja? Tafadhali usitaje jina langu.

Mimi, Mpimaji.

*

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, nimecheka kama ulivyoniruhusu. Kisha nimesoma tena na kicheko kikaniishia, kwa hiyo sasa vumilia.

Pole kwanza, na ninaisema kwa dhati. Mtu aliyekwisha kupoteza mtaa mzima akiingia chumba kitupu hawezi kufikiri kwamba amekosea mlango. Anafikiri ameachwa tena. Ulikaa humo wiki kadhaa ukisalimia kuta, na hilo linauma hata kulisoma. Wala usilaumu mtandao huo, kwa sababu haukukudanganya. Uliambiwa aulize asiyejua njia, nawe ukaona aibu kuuliza. Vijana wanaoniandikia nao hukosea mlango uleule, ila wao hupiga kelele mara moja na mtu akawaonyesha.

Baada ya pole, nikwambie usilolitaka. Umefurahia kufa. Usinibishie. Mtu aliyeshtuka kweli angemtafuta rafiki yake kabla chai haijapoa, wewe ukasoma sifa zako zote mpaka mwisho na ukataka kuzipigia kura. Sikulaumu sana, maana wengi wetu tungetamani kuusikia msiba wetu kutoka chumba cha pili. Lakini wewe unausoma msiba huo, na Fundi anauishi. Ni mzee kama wewe. Anaamka, anakumbuka kwamba hukumpa nafasi ya kusema yaishe, na anakaa na hilo siku nzima. Hiyo njia yako ya kubaki marehemu na kumtafuta mtu wa kurekebisha kona itaiokoa ramani na kumwacha yeye hapo. Na hata ramani haitaiokoa. Umeshajaribu, na ukaona anavyokulinda. Hakuna atakayemshinda Fundi kwenye kona hiyo isipokuwa wewe.

Tena wewe, kwa kazi yako, unajua jambo hili kuliko mimi. Kiwanja kikipimwa vibaya, mwingine anarudi na vifaa vyake anapima upya. Huko kwenu hakuna pa kurudi. Konani hapana duka la dawa, hapana mwoka mikate, hapana kona. Kimebaki kile mnachokikumbuka wewe, Fundi na wachache wengine, na kikichapwa kimechapwa. Mjukuu wa mwoka mikate atatazama ukutani amtafute babu yake pale alipokuwa anawasha tanuri, atamkuta kwenye mlango usio wake, kwa sababu mzee mmoja aliona haya.

Sasa fanya hivi. Usiandike chochote mtandaoni kwanza. Namba ya Fundi iko kwenye tangazo alilokutafutia, kwa hiyo piga simu, kwa sauti yako. Mwombe mkwe wako apige yeye kwanza, ahakikishe Fundi ameketi na kuna mtu karibu naye, maana moyo uliopimwa ukakutwa mzima ni wako, wa kwake hatujui. Ukipewa simu, usianze na utani wala maelezo ya seva. Taja jina lako, nyamaza, mwache alie au akutukane, vyovyote atakavyoanza. Akimaliza mwambie suti ilinuka mkate na yeye alikuwa sahihi. Usiongeze "lakini". Nakufahamu kwa barua moja tu na tayari naiona hiyo "lakini" inakuja.

Kisha ingia Mtaa Wetu kwa jina lako na uandike kwa ufupi: niko hai, nilikosea mlango, konani alikuwa mwoka mikate, nisameheni. Bila vifungu. Bila namba. Yale uliyoyaandika kule kwa baiskeli yafute leo, na kwa kuwa huwezi kuzifuata nakala zote, mwambie Mkunga mwenyewe kwamba yapo, kabla hajaonyeshwa na mwingine. Atafoka. Mwanamke huyo ameanza kufahamiana na nusu ya watu wake wakiwa wanampigia kelele na hawana nguo, sidhani kama wewe utamshtua. Ifunge na hiyo akaunti ya Jirani wa Zamani, imeshatumika vya kutosha.

Hao watu wa baiskeli waambie ukweli kuhusu picha, halafu ubaki nao kama bado unawapenda. Umenieleza mwenyewe kwamba unaweza kukaa nyumba moja ukazungumza na nyingine. Basi safari hii hakuna anayekulazimisha kuhama.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Ila nikukumbushe kitu kimoja. Gazeti hili linasomwa pia huko mlikotawanyika, na sijui ni wapima ardhi wangapi walioombolezwa mtandaoni kwa ajili ya kona ya mwoka mikate. Unaposoma mstari huu, inawezekana Fundi yuko kwenye aya ya pili ya barua yako. Weka gazeti chini, mzee wangu. Mwite mkwe wako, mumpigie Fundi simu sasa hivi, kabla hajafika kwenye suti.